Simu Moja, Vifaa Kumi na Viwili

"Kaka, hilo boksi ni langu."

Mwinjuma hakugeuka. Alikuwa amelibeba boksi begani, anapenya kati ya abiria na wauza machungwa waliojazana mbele ya ofisi ya vifurushi, stendi ya Korogwe, na alidhani anaitwa mtu mwingine. Basi la kutoka Dar lilikuwa bado linashusha mizigo. Wapiga debe walikuwa wanamgombea mama mmoja mwenye mabegi matatu, huyu kashika begi, yule kashika mkono.

"Wewe mwenye shati la kijani. Hilo boksi ni langu."

Sasa aligeuka. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa overoli ya buluu iliyopauka magotini, kitambaa cha kitenge cha manjano kimefungwa vizuri kichwani, testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, imechomekwa mfuko wa kifuani kama kalamu. Naye alikuwa amekumbatia boksi, ukubwa uleule, na pambio bado liko mdomoni.

"Limeandikwa vifaa vya umeme, Korogwe," Mwinjuma alisema. "Nimeambiwa langu litaandikwa hivyo."

"Hata hili limeandikwa hivyo. Ila hili lina jina la Mwinjuma pembeni, na mimi sijawahi kuitwa Mwinjuma."

Alicheka, akaliteremsha boksi. Walibadilishana palepale, juu ya gunia la mchele la mtu. La Mwinjuma lilikuwa limepasuka kona moja.

"Samahani, nimechungulia," mwanamke alisema. "Unafungua duka?"

"Hapana. Katuma dada yangu, ni vya nyumba ya mama, Handeni. Kamera tatu, balbu tano zile za kuwasha kwa simu, soketi mbili, kengele ya mlangoni, na kidude cha kusema kama mlango wa nyuma umefunguliwa. Jumla kumi na viwili."

"Mama ana waifai?"

"Mama ana simu ya tochi."

"Sasa vitaungwa na nini?"

"Dada kasema niache simu moja nyumbani, niwashe hotspoti."

"Simu gani?"

Aliitoa mfukoni, simu ya zamani yenye ufa kwenye kioo. Mwanamke aliichukua bila kuomba, akabonyeza mara tatu nne, akamrudishia. "Soma hapo."

Mwinjuma alisoma. Idadi ya juu ya vifaa: kumi.

"Viwili vitalala nje, bwana," alisema yule mwanamke, akainua boksi lake. "Ukikwama, banda langu liko Manundu. Ulizia fundi Hosiana. Hakuna mwingine."

Kweli hakukuwa na mwingine. Hosiana Obadia alikuwa na miaka thelathini, mzaliwa wa Kwashemshi, na kwa miaka sita alikuwa fundi umeme pekee wa kike katika mji ule. Wapo waliompa kazi kwa sababu hiyo na wapo waliomnyima kwa sababu hiyohiyo. Wote aliwatoza bei moja.

Mwinjuma alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mkonge nje ya mji. Jumatatu hadi Ijumaa alilala Korogwe, kisha akarudi Handeni kwa mama yake, Bi Mwantumu, ambaye miaka miwili nyuma alipigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto haukunyanyuka tena, na mguu wa kushoto aliuburuta. Dada yake, Afisa, mtoto wa kwanza, alikuwa na kazi nzuri na nyumba Dar, na alitaka mama ahamie kwake. Mama alikataa.

"Nyumba hii nimeijenga na marehemu baba yenu, tofali kwa tofali," alisema. "Siendi kukaa ghorofani kama nguo iliyoanikwa."

Wakabishana mwezi mzima, hadi Afisa akatoa sharti. Angetuma vifaa ili wamwone mama muda wote. Vikifanya kazi kwa miezi mitatu bila tatizo, mama atabaki Handeni. Visipofanya kazi, anakuja na gari kumchukua. Jirani yao, Yusta, alikubali kupita asubuhi, mchana na jioni.

Mwinjuma alihangaika na vile vifaa wikiendi nzima. Jumatatu mchana alisimama mbele ya banda la Manundu, nyuzi za mkonge zimemganda kwenye mikono ya shati.

"Nimekwama," alisema.

"Nilijua," Hosiana akajibu, akaendelea kukaza skrubu. "Nilikuwekea Jumamosi."

Jumamosi walipanda basi pamoja hadi Handeni. Bi Mwantumu aliwapokea barazani, mkongojo mkononi, khanga mpya imefungwa kifuani kwa heshima ya mgeni.

"Fundi ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Shikamoo mama," Hosiana alisema, akapiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Kwashemshi."

"Basi wewe ni ndugu. Hawa watoto wangu nikiwasemesha Kizigua wananijibu Kiswahili. Wewe utanijibu."

Alimjibu kwa Kishambaa, na wawili hao walielewana neno kwa neno, huyu na lugha yake na yule na yake, hadi Mwinjuma akajiona yeye ndiye mgeni.

Kazi ilichukua siku nzima. Simu ya zamani iliwekwa juu ya kabati, imechomekwa chaji, hotspoti imewashwa. Kifaa kimoja kimoja kiliingia. Cha kumi kilipoingia, cha kumi na moja kilikataa, kama alivyosema. Mwinjuma alikuwa ametoka kununua klipu za kubania waya. Hosiana akaenda kuchuchumaa karibu na kiti cha Bi Mwantumu.

"Mama, viwili lazima vibaki nje. Nyumba ni yako. Tuache vifaa vipi?"

Bi Mwantumu alitazama mlangoni kwanza. "Balbu ya choo cha nje, siku hizi siendi huko. Na ile kamera ya chumbani kwangu."

"Ya chumbani ndiyo wanayoitaka zaidi."

"Najua. Mwanangu, mimi kuvaa nguo kunanichukua nusu saa, na mkono mmoja. Simu ya Afisa inalala mezani kwake, ana mume, ana watoto wa kiume wakubwa. Nani ataniona? Wewe ungekubali?"

"Nisingekubali. Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wanasema ni kwa usalama wangu. Mtu akishakuambia ni kwa usalama wako, hakusikilizi tena." Alimshika Hosiana mkono kwa ule wake mzima. "Usiwaambie nimekataa. Afisa atasema mama kaanza ukaidi, kesho yuko hapa na gari. Niahidi."

Hosiana aliahidi. Mwinjuma aliporudi alikuta vifaa kumi vinafanya kazi, na alipoambiwa vilivyobaki nje aliridhika, kwa sababu siku hiyo ilikuwa kweli: simu ilibeba kumi.

Wakaanza kupigiana simu. Mwanzo zilikuwa za kazi.

"Fundi, nimefika nyumbani, kengele ya mlangoni imekufa."

"Simu yako imejiunga na hotspoti?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ni wa kumi na moja. Umemnyang'anya kengele nafasi yake. Toka."

"Nitoke nyumbani kwetu?"

"Toka kwenye hotspoti, Bwana Kumi na Mbili. Nyumbani kaa."

Jina likamganda. Umeme ulipokatika na kurudi, vifaa viligombania kuingia upya, na Mwinjuma akapiga tena. Ilipofika wiki ya nne alikuwa anapiga hata umeme ukiwa haujakatika.

"Leo kuna tatizo gani?" Hosiana aliuliza jioni moja, anafunga banda.

"Hakuna."

"Sasa umepiga nini?"

"Nimepiga nikusikie unavyonigombeza."

Hosiana alitabasamu peke yake mbele ya kufuli. "Hilo ni tatizo kubwa, Mwinjuma. Hilo halitengenezwi kwa simu. Njoo."

Alikuja amevaa suruali ya kitambaa iliyonyooshwa na viatu vilivyopigwa kiwi. Yeye Hosiana, kwa mara ya kwanza, alikuwa amevua overoli. Gauni lake lilikuwa la kitenge chekundu lenye mikono mifupi, na misuli ya mikono yake ilionekana, na hakuificha. Walikula kuku na ndizi za kukaanga barabarani, malori ya Arusha yakipita yanatikisa meza. Watu wa Manundu waliwaona, na Hosiana alipoona wameonwa akasogeza kiti chake karibu zaidi.

"Wewe Mwislamu," alisema.

"Na wewe mwanakwaya."

"Nakukumbusha tu, usije ukasema hukujua."

"Nilijua tangu stendi. Ulikuwa unaimba pambio huku unanidai boksi."

Miezi miwili ikapita hivyo. Hosiana alipata ruta ya zamani kutoka ofisi moja iliyofungwa, akakesha nayo siku tatu hadi ikakubali kupokea mtandao wa simu na kuugawa yenyewe. Jumamosi aliifunga Handeni.

"Sasa kwa ile simu, humu ndani kuna mgeni mmoja tu, ruta," alimweleza Mwinjuma. "Wengine wote wako nyuma yake. Hata ukileta thelathini, simu haiwajui."

"Kwa hiyo na kamera ya chumbani inaingia."

Bi Mwantumu, aliyekuwa anachambua mchele, akaacha kuchambua. Hosiana hakumtazama.

"Hiyo inasumbua," alisema. "Niachie kwanza."

Ulikuwa uongo wa wazi. Badala ya kamera akamletea mama kitufe cha kuvaa shingoni kwa kamba. Ukikibonyeza, simu ya Mwinjuma na ya Yusta zinalia. Walikijaribu mara kumi, zikalia mara kumi.

Jumatano moja, mwezi wa tatu wa sharti la Afisa, saa nne asubuhi, Yusta akiwa ameshaondoka, Bi Mwantumu aliteleza chumbani akiokota khanga. Mkono wa kushoto ulivunjika chini yake. Alibonyeza kitufe. Alibonyeza tena na tena, hadi kidole kikachoka. Hakuna aliyekuja. Yusta alimkuta saa nane, anapeleka chakula cha mchana, mama kalala sakafuni midomo imekauka.

Mwinjuma alifika hospitali akiwa na mafuta ya mashine usoni. Hosiana alifika baada yake, kwa sababu alipitia nyumbani kwa mama kwanza, akafungua ruta na kuangalia. Walikutana nje ya wodi. Mwinjuma alikuwa na simu mkononi, Afisa yuko hewani, spika imewashwa.

"Kamera ya chumbani ilikuwa mbovu?" Mwinjuma aliuliza.

"Hapana."

"Ulisema inasumbua."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Hosiana alitazama mlango wa wodi. "Siwezi kukuambia."

"Mama yangu kalala sakafuni masaa manne, na wewe huwezi kuniambia."

"Kitufe alikibonyeza, Mwinjuma. Bando lilikuwa limeisha tangu jana yake, kwa hiyo hakikutuma kitu. Hata kamera ingekuwepo isingeonyesha. Bando limeliwa na kamera ya sebuleni, mtu ameiacha wazi kuanzia..."

"Usitafute pa kusukumia."

Ndipo sauti ya Afisa ikatoka kwenye simu, kali, inatetemeka. "Mwambie huyo arudi kwao. Nilikuonya mapema. Si damu yetu wala si dini yetu, ataona uchungu gani na mama yetu?"

Wauguzi wawili waligeuza shingo. Hosiana alimtazama Mwinjuma, akasubiri. Mwinjuma alitazama sakafu.

"Haya," Hosiana alisema taratibu. "Nimekudanganya neno moja, na hilo nitalijibu kwa Mungu. Lakini kwa mama yako sikukosea, na sitaomba msamaha. Wewe umesikia nilichoambiwa, umenyamaza. Kaa na kimya chako."

Aliondoka kwa mwendo wa kawaida, kichwa juu. Alianza kulia basi lilipofika Segera, na alilia bila kujificha, hata abiria wa pembeni yake alipomuuliza kama amefiwa.

Wiki moja baadaye Afisa alikuja na gari. Alimkuta mama karudi nyumbani, mkono umefungwa plasta, kakaa kitandani. Bila kukaa, akafungua kabati na kuanza kupanga nguo kwenye begi.

"Rudisha hizo nguo," Bi Mwantumu alisema.

"Mama, tulikubaliana."

"Rudisha. Kisha mwite na mdogo wako, nina maneno, na sitayarudia."

Mwinjuma aliingia, akasimama karibu na dirisha.

"Ile kamera niliikataa mimi," mama alisema. "Yule binti nilimfunga kwa ahadi, na ameitunza hadi mkamtukana mbele ya wauguzi. Nilisikia, ukuta ule ni wa mbao. Nimezaa watoto watatu, nimezika mume na mtoto mmoja. Sitavuliwa nguo mbele ya simu ya mtu, hata ya mwanangu. Kama kuanguka, nitaanguka nimevaa."

"Ungeniambia, mama," Mwinjuma alisema.

"Nilikuambia mara mbili. Ulikuwa unasoma simu."

Mwinjuma alikwenda sebuleni, akafungua kumbukumbu za ruta kama Hosiana alivyomfundisha, akatafuta. Alirudi na kumpa dada yake simu ajionee. Kamera ya sebuleni ilikuwa wazi kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kutoka simu moja ya Dar. Bando la mwezi huo lilikuwa limemalizwa kwa siku tisa.

Afisa alisoma, akakaa kitandani juu ya nguo alizozitoa.

"Nilikuwa nakuangalia tu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nikifika ofisini nakuweka pale mezani. Nikiona umekaa kwenye kiti, roho inatulia nafanya kazi. Sikujua kama inakula bando."

Bi Mwantumu alimvuta kwa mkono mzima. "Mimi si picha, Afisa. Ukinikumbuka nipigie, tuongee. Saa nyingine hapa naongea na kuku."

Begi lilirudi kabatini.

Mwinjuma alimpigia Hosiana siku hiyohiyo. Hakupokea. Alipiga siku tisa, asubuhi na jioni. Ya kumi aliomba ruhusa kazini, akaenda Manundu, akakuta banda limefungwa. Jirani alimwambia fundi yuko Mashewa, anafunga umeme kwenye duka la pembejeo. Alichukua bodaboda hadi huko, vumbi limempaka kutoka nyusi hadi viatu.

Alimkuta juu ya ngazi, anabana waya kwenye boriti.

"Fundi."

Hosiana alitazama chini. Hakuonyesha kushtuka. "Shika ngazi, inateleza."

Aliishika. Alikaa hivyo robo saa, wateja wanapita na mbolea, hadi Hosiana alipomaliza na kushuka.

"Mama kaniambia," Mwinjuma alisema.

"Najua. Alinipigia na simu yake ya tochi."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Nilikuona mwongo."

"Mwongo nilikuwa. Hilo usiliombee, limekwisha. Jingine?"

Mwinjuma alijifuta uso, vumbi likageuka tope. "Nilinyamaza."

"Ulinyamaza," Hosiana alisema. "Hilo ndilo lililonichoma. Dada yako ana hofu ya mama, mtu mwenye hofu anaropoka. Wewe ulikuwa na akili yako."

Mwinjuma alitoa simu, akapiga, akawasha spika. Mwenye duka akajifanya anahesabu majembe.

"Shikamoo dada. Niko Mashewa, nimesimama na Hosiana. Yale maneno uliyosema hospitali nilitakiwa kuyajibu palepale. Nayajibu leo. Huyu ndiye ninayetaka kumuoa. Hakuna atakayemwambia arudi kwao mbele yangu nikanyamaza tena, hata kama ni wewe uliyenibeba mgongoni."

"Umeniweka spika?" Afisa aliuliza.

"Ndiyo."

"Hosiana, unanisikia?"

"Nakusikia, dada."

"Siku ile nilijua mama anakufa. Niliyosema hayakuwa na adabu. Mambo ya dini bado yananiuma, sikufichi, ila yale mengine nayarudisha mdomoni mwangu. Kwa leo sina zaidi."

"Yanatosha kwa leo," Hosiana alisema.

Simu ilikatika. Akaanza kukunja waya zake, anazipanga kwenye begi moja moja, na alipozungumza hakuinua kichwa.

"Umesema unataka kumuoa nani?"

"Wewe."

"Mbona dada yako kaambiwa kabla yangu?"

Mwenye duka alikohoa kuficha kicheko. Mwinjuma alipiga goti moja kwenye vumbi, si kwa mtindo wa filamu, bali kumsaidia kukusanya skrubu zilizomwagika, na akiwa hapohapo chini akamuuliza kama inavyopaswa.

"Sibadili dini," Hosiana alisema.

"Sijakuomba."

"Wewe hujaniomba. Wapo watakaoniomba, kwenu na kwetu."

"Tutawakatalia wote. Na mimi sibadili. Tutakwenda bomani, ndoa ya serikali. Wewe Jumapili yako, mimi Ijumaa yangu, Jumamosi tuko kwa mama."

Hosiana alifunga zipu ya begi. "Beba ngazi," alisema. "Ndiyo. Nimekubali. Beba ngazi twende."

Baba yake, mzee Obadia, alikuwa mzee wa kanisa Kwashemshi, mtu wa maneno machache. Alimsikiliza binti yake hadi mwisho, wamekaa sebuleni, chai inapoa.

"Bomani watu huenda kwa kesi na vibali," alisema.

"Na ndoa, baba. Nimekuja kukuarifu. Baraka zako nazitaka sana. Nikizikosa nitalia, lakini nitakwenda."

Mzee alisimama, akavaa kofia, akatoka kwenda shambani bila jembe. Hakurudi hadi Hosiana alipoondoka.

Tangazo la ndoa likabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya wilaya, Korogwe. Siku ishirini na moja, mwenye pingamizi alete. Watu walilisoma. Kwaya ikamtaka Hosiana akae pembeni kwanza, hivyo Jumapili zote tatu alikwenda kukaa benchi la mbele kabisa, gauni lake jekundu mwilini, akaimba kutoka hapo, na sauti yake ilisikika kuliko ya waliosimama. Kiwandani Mwinjuma aliulizwa kama wanawake wa Kiislamu wameisha Handeni. Alijibu kwamba hajui, hakuwahesabu, alikuwa anamtafuta mmoja.

Siku ya ishirini na moja, saa tisa alasiri, walikwenda wote wawili kumuuliza karani saa ya kufika kesho yake. Mbele ya ubao alisimama mzee aliyevaa koti jeusi la ibada, miwani puani, kidole kwenye karatasi, anafuata maneno polepole.

Mwinjuma alimshika Hosiana kiwiko. "Tungoje aondoke."

"Hapana," Hosiana alisema, akaenda. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Shikamoo mzee," Mwinjuma alisema.

Mzee Obadia alimtazama kutoka viatu hadi kofia. "Marahaba." Kisha akamgeukia binti yake. "Nimeambiwa leo ndiyo mwisho wa pingamizi."

"Ndiyo, baba."

"Ninalo. Nimeliandika, ukurasa mzima." Aligusa mfuko wa koti.

Hosiana hakurudi nyuma. "Dirisha ni lile pale, baba. Lipeleke. Na mimi nitalijibu hapahapa."

Mzee aliona mikono yake, ile mikono yenye makovu ya waya, imetulia ubavuni. Alimwona na yule kijana, ambaye safari hii hakutazama sakafu.

"Mimi sikubali," alisema hatimaye. "Hilo ulijue, na mumeo alijue."

"Tumesikia, mzee," Mwinjuma alisema.

"Vizuri." Akarudisha kidole kwenye karatasi. "Ila hapa wamenikosea. Wameandika Obedia. Hakuna Obedia Kwashemshi. Binti yangu hataolewa kwa jina la baba asiyekuwepo."

Alivua kofia, akaenda hadi dirishani, akagonga kioo kwa fundo la kidole. Karani aliinua kichwa.

"Kijana, chukua kalamu," mzee Obadia alisema. "Andika ninavyokutajia."

Na akamtajia, herufi moja moja, kwa sauti ya kanisani, hadi watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Alisubiri karani arekebishe. Akaomba aonyeshwe. Akasoma, akaridhika, akavaa kofia yake na kushika njia ya kurudi Kwashemshi, ukurasa wake wa pingamizi ukiwa bado mfukoni.